Sensa na swali la jinsi: nani anamjibia nani?

Karani wa Zamani

Wakuu, salaam.

Uzi huu umetokana na ubishi wa kijiweni kwetu Magomeni. Jamaa mmoja karudi likizo kutoka Uingereza, akasimulia kwamba sensa ya kule ilimuuliza kama anavutiwa na wanaume au wanawake. Kijiwe kikalipuka. Nusu wanacheka, nusu wanasema ngoja ije huku, tuone karani atarudi kwao na meno mangapi. Mimi nilinyamaza, maana 2022 nilikuwa karani wa sensa, na kuna kibaraza kimoja Tandale mpaka leo sijakisahau.

Kwa ambao hawakuwepo au walijificha: usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Unaingia mtaani na kizibao, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, mjumbe anakutangulia kwa sababu bila mjumbe geti halifunguliwi. Unamtafuta mkuu wa kaya au mtu mzima aliyepo. Huyo ndiye anakutajia wote waliolala pale: jina, uhusiano, jinsi, umri, kisha mengine yanafuata.

Swali la jinsi watu wanaliona la mchezo. Lakini Kiswahili chetu hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Mtu anakutajia Furaha, Riziki, Tumaini, Baraka, na wote hawapo, wako Kariakoo kwenye biashara. Utajuaje? Inabidi uulize, "Riziki ni wa kiume au wa kike?" Ukiuliza, unatazamwa kama umemtukana mtoto wa watu. Kuna wenzangu walikuwa wanakisia na kubonyeza. Nakiri, na mimi nilikisia mara mbili tatu, saa nane mchana, jua liko utosini na kaya bado kumi na moja.

Sasa hicho kibaraza. Siku ya tatu, nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja nje. Mama kakaa kwenye mkeka anapepeta mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, vuta kigoda." Akataja mumewe, mama mkwe, watoto wanne. Alipofika wa mwisho ungo ukasimama. Akamtazama mjumbe. Mjumbe, mzee mwenye akili zake, akasema anakwenda kuwahimiza wa chumba cha pili. Hapo mama akainama. "Huyu ana mwaka na nusu. Alizaliwa hajaeleweka. Hospitali walisema tusubiri. Baba yake anamwita jina la kiume, mimi namwita Mdogo tu. Wewe andika utakavyo."

Kwenye kioo kuna Me na Ke, basi. Kidole gumba kikakaa juu juu mpaka kioo kikazimika chenyewe. Nikakiwasha, nikabonyeza Me, kwa sababu ndivyo baba anavyomwita na baba ndiye mkuu wa kaya. Sikuwa na sababu nyingine. Matokeo yalipotangazwa, watu 61,741,120, wanaume 30,053,130, nikasema moyoni: mmoja wa hao nimempanga mimi.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Sensa ijayo, yaani 2032 tukijaaliwa, iwe na kisanduku cha tatu? Na hilo swali la Uingereza la mwelekeo wa kimapenzi, lina nafasi hapa?

La pili nalijibu mwenyewe: hapana, ila si kwa sababu za kijiweni. Baba wa Mbagala atajuaje kijana wake wa miaka 19 anavutiwa na nani? Na akijua, atamwambia karani, mjumbe amesimama pale? Namba utapata. Itakuwa ni namba ya mawazo ya akina baba.

Naomba michango. Matusi yapelekwe kwingine.

Mtoto wa Keko

Mkuu umeruka sehemu tamu. Usiku wa sensa gesti za Sinza mlihesabuje?

Karani wa Zamani

Wageni walihesabiwa, jina na umri. Nani ni nani kwa nani hatukuingia huko, na sisi tuna wazazi.

Nasema Kweli

Mleta mada unapaka rangi tu. Hii ni ajenda ya wazungu, inaanza na kisanduku cha mtoto mgonjwa inaishia kwenye kisanduku cha ushoga. Mungu aliumba mume na mke. Visanduku viwili vinatosha.

Ustadhi wa Ilala

Ndugu yangu Nasema Kweli, punguza mwendo. Umefunga kamba moja mbuzi wawili wasiotoka zizi moja. Huntha, yaani mtu aliyezaliwa jinsi yake haijabainika wazi, si jambo la wazungu. Wanazuoni wetu wameliandika karne na karne kwenye mlango wa mirathi, kwa sababu mtu anakufa, anaacha mali, na mmoja wa warithi haijulikani ni mwana wa kiume au wa kike. Fungu lake lipi? Kipimo cha kwanza walichotazama ni njia anayotolea haja ndogo. Ikishindikana, huyo ni huntha mushkil, yaani ambaye hali yake haijabainika. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, kila mrithi anapewa kile ambacho hakina shaka, kinachobaki kinasimamishwa mpaka hali ibainike au warithi wapatane.

Tazama hekima hiyo: kinasimamishwa. Kadhi hakulazimishwa kubonyeza.

Hilo swali la pili mimi silitaki, na dini yangu mnaijua. Lakini yule mtoto wa Tandale asibebeshwe mzigo wa ubishi huo.

Mwalimu wa Lugha

Nichomekee kidogo. Mnachanganya. Jinsi ni maumbile, kiume au kike. Jinsia ni nafasi na mambo ambayo jamii inamtwisha mtu kwa jinsi yake. Dodoso la sensa linauliza jinsi. Magazeti yanaandika jinsia kwa yote mawili ndiyo maana hata hapa watu wanagombana bila kujua wanagombania nini.

Mbeba Boksi

Jamaa wa kijiweni ni mimi, na naona Karani kanisimulia nusu.

Ilikuwa 21 Machi 2021. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya watu sita, wawili tu ndio nawajua majina kamili. Inakuja barua yenye namba ya siri, mnajaza mtandaoni. Hakuna karani wala mjumbe. Na sheria iliruhusu mtu kuomba namba yake peke yake, ajaze fomu yake wenzake wa nyumba wasiione. Swali la mwelekeo liliwahusu wenye miaka 16 na kuendelea, na lilikuwa la hiari. Maswali karibu yote ukiyakataa ni kosa, lile unaruka tu. Mimi niliruka. Matokeo ya Uingereza na Wales yalitoka Januari 2023: asilimia 89.4 walisema wanavutiwa na jinsi tofauti na yao, asilimia 3.2 walitaja mwelekeo mwingine, takriban watu milioni 1.5, na asilimia 7.5 hawakujibu. Mimi nimo kwenye hiyo 7.5. Si kwamba nina la kuficha, nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu ya usiku.

Fundi Namba

Nilikuwa nasoma kimya ila Mbeba Boksi kanichokoza. Nafundisha takwimu, niongee kidogo, wasiopenda hesabu warukie chini.

Kundi likiwa dogo sana, adui yake mkubwa ni kosa dogo la kundi kubwa. Chukueni Dar yetu, watu 5,383,728. Weka kisanduku cha tatu. Tuseme makarani ni hodari kupita kiasi, wanakosea kubonyeza mara moja tu katika watu 1,000, na kosa lote linaangukia kisanduku hicho. Umepata huntha 5,383 wa kidole gumba. Sasa Kenya, ambao 2019 waliweka kisanduku hicho kwa mara ya kwanza Afrika, walipata huntha 1,524 nchi nzima kati ya watu 47,564,296. Yaani vidole vya Dar peke yake vinaweza kuzaa zaidi ya mara tatu ya Kenya yote.

Na hiyo ya Kenya nayo ni ndogo mno. Ni mtu mmoja katika 31,000 na ushee. Madaktari wa watoto hutaja kama mtoto mmoja kati ya 4,500 hadi 5,500 anayezaliwa na sehemu za siri zisizoonyesha wazi ni jinsi gani. Kwa kiwango hicho wangepata zaidi ya 8,000. Wengine wako wapi? Wako kwenye Me na Ke, kama huyo wa Tandale. Mama hakumwambia karani, au hakuwa na mjumbe mwenye akili zake.

Mnadhani ni shida ya nchi maskini? Marekani 2010 hawakuuliza mwelekeo kabisa. Waliuliza jinsi ya kila mtu na uhusiano wake na mwenye nyumba, basi. Ukiwa mke wa mwenye nyumba na wote wawili mmeandikwa wanawake, mnahesabiwa wenza wa jinsi moja. Zikatoka kaya 901,997. Wakashtuka, wakakagua, wakatoa makisio mapya: 646,464. Sehemu kubwa ya waliozidi ni mume na mke wa kawaida ambao mmoja wao alitia alama sanduku la jirani. Na walikaguaje? Kwa majina ya kwanza. John kaandikwa mwanamke, basi hapo pana walakini. Sisi na Furaha, Riziki na Tumaini zetu tungekagua kwa nini?

Uingereza napo. Mbali na swali la mwelekeo kulikuwa na la pili, ambalo kwa Kiswahili linakuwa hivi: "Je, jinsia unayojitambua nayo ni ileile ya jinsi uliyosajiliwa nayo ulipozaliwa?" Someni tena taratibu. Kisha mfikirieni bibi yenu. Watu 262,000 walijibu hapana, na maeneo yaliyoongoza ni Newham na Brent, London, kwenye wahamiaji tele. Wachambuzi wakauliza: hawa wamejibu au Kiingereza kimewapita? Mwaka 2024 takwimu hizo zikavuliwa hadhi ya kuwa takwimu rasmi zilizoidhinishwa.

Na tahadhari na kisanduku kinachoandikwa "Nyingine". India 2011 walikiweka, wakapata 487,803. Humo wamo hijra, ambao ni jamii ya jadi ya watu wasiojihesabu wanaume wala wanawake, wamo na huntha, wamo na waliokosea. Australia 2021 watu 43,220 walichagua kisanduku cha namna hiyo, na wenye takwimu wenyewe wakasema namba haifai kutumika, haijulikani waliojaza walimaanisha nini. Ukiweka ndizi na viatu kwenye gunia moja utapata uzito, hutapata ndizi.

Mtoto wa Keko

Fundi Namba mimi niliishia kwa John.

Mkunga Mstaafu

Nawasalimu wanangu. Nimezalisha miaka mingi, hospitali sitaitaja.

Ninyi mnaongelea sensa, mimi naongelea dakika ya kwanza. Mtoto anatoka, analia, mama anauliza "nimepata nani?" Mkunga anageuza mtoto, anaona kitu hakijajieleza. Pale kuna karatasi, tangazo la kizazi, linataka jinsi. Nimeona wenzangu wakiandika harakaharaka ili mama asilie. Kosa hilo ndilo linapanda mpaka cheti cha kuzaliwa, linapanda mpaka kadi ya kliniki, shule, na hicho kishikwambi chenu. Sensa imeokota tu.

Na si suala la sanduku peke yake. Wapo wasichana kamili wenye kizazi na mayai yao, ila tezi za juu ya figo zilimwaga homoni za kiume kupita kiasi wakiwa tumboni, maumbile ya nje yakafanana na ya mvulana. Baadhi yao mwili unapoteza chumvi. Wiki ya pili, ya tatu, anatapika, analegea, watu wanasema ni tumbo, na anakufa akiwa na jina la kiume. Kwa hiyo mtu akiniambia kuhesabu huntha ni ajenda, namuuliza ajenda ya nani, ya marehemu?

Karani, mama alikuambia mtoto alikuwa anatapika wiki za mwanzo?

Karani wa Zamani

Shikamoo mama. Hapana. Nami sikujua ni swali la kuuliza.

Binti wa Kigamboni

Mbona wote mmekubaliana haraka hivyo kuhusu swali la pili? Nafanya kazi za afya ya jamii. Tunaambiwa kila siku tupeleke huduma za VVU kwa makundi yaliyo hatarini, halafu tukiuliza wako wangapi tunaambiwa msihesabu. Nchi isiyokuhesabu haikupangii bajeti. Ualbino nao watu walikuwa wanaficha watoto ndani, na sensa ya 2012 ikauliza ualbino waziwazi. Ikasaidia.

Karani wa Zamani

Dada, ualbino ni mfano mzuri kuliko ulivyokusudia. Mwenye ualbino anaonekana, mama hamjibii kwa kukisia. Na hakuna kifungu cha sheria kinachomfunga kwa kuwa hivyo alivyo. Huku kwingine kuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume cha maumbile, miaka 30 mpaka maisha. Kifungu kinaadhibu tendo, najua, lakini nenda kamweleze hivyo mtu aliyesimama mlangoni na karani mwenye nembo ya serikali. Sheria ya Takwimu inamtaka karani atunze siri, na tuliapa. Mjumbe je? Mpangaji wa chumba cha pili aliyetoa kichwa dirishani je?

Hata Kenya waliohesabu huntha hawakuuliza mwelekeo.

Fundi Namba

Na usiri wa sensa huwa imara mpaka siku serikali inapotaka vinginevyo. Marekani 1942, wakati wa vita, walilegeza sheria ya usiri, takwimu za sensa ya 1940 zikatumika kujua Wajapani wanakaa mitaa gani, wakakusanywa kambini. Hakuna aliyedanganya wakati wa kuhesabiwa.

Binti wa Kigamboni, namba unazotaka zipo njia zake. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, mmoja mmoja, faragha, na waliulizwa mambo ya kitandani ambayo karani wa sensa hawezi kuyagusa. Sampuli ya maelfu, mdadisi aliyefunzwa, mlango umefungwa. Kuna sehemu wanampa mhojiwa vipokea sauti na kifaa, anasikiliza swali na kubonyeza mwenyewe, mdadisi hajui kabonyeza nini. Huko ndiko kwa swali hilo. Sensa ni kazi ya kupita kila mlango kwa siku chache.

Mzee wa Buguruni

Vijana mna haraka ya kusahau. Sensa ya 1967 iliuliza dini na kabila. Baada ya hapo yakaachwa, na hayajarudi. 2012 wapo Waislamu waliosusia wakitaka swali la dini lirudi, palikuwa na mshikemshike, na halikurudi. Huo ndio utaratibu wetu: swali likigharimu kuliko jibu lake, linakaa nje. Sioni ugumu uko wapi.

Nasema Kweli

Mzee umeongea. Na kuhusu mtoto wa mkunga nimesoma mara mbili. Huyo ahesabiwe, sina tatizo. Mengine msimamo wangu uleule.

Mgeni 77

Nimejiandikisha leo ili niandike hapa tu.

Mimi ni mmoja wa mnaowajadili kwenye hilo swali la pili. Nakaa Temeke kwa shangazi. Sensa iliyopita nilikuwa chumbani, nasikia anavyonitaja: jina, mwanaume, miaka 24, hajaoa. Karani akawa anaendelea, shangazi akaongeza bila kuulizwa, "Ila ana mchumba Morogoro." Hakuna mchumba Morogoro. Nilimtunga mwenyewe 2020. Shangazi anamtumia salamu kila Idi.

Sasa mnataka karani amuulize shangazi swali la ziada?

Dada wa Kigamboni nakuelewa nia yako. Kliniki ninayokwenda wananijua kwa namba, siyo jina, na pale nimejibu kila walichouliza. Ukija kibarazani kwetu nitadanganya, na nitadanganya vizuri.

Mtoto wa Keko

Mgeni karibu jukwaani. Huyo mchumba wa Morogoro alihesabiwa kaya gani?

Mgeni 77

Kwa mama yake. Ana wadogo wanne.

Binti wa Kigamboni

Mgeni, nimesoma. Swali langu la sensa naliondoa. La bajeti linabaki.

Karani wa Zamani

Nimerudi, nilikuwa kibaruani.

Baada ya kuwasoma, kisanduku cha tatu bado nakitaka, ila siyo nilivyokuwa nakiwaza. Makosa ya vidole ya Fundi yamenitisha. Kwa hiyo: swali la jinsi libaki Me na Ke kwa karani kuanza nalo, lakini karani asome kwa sauti jina na jinsi, kila mtu, hata kama anaona mwenyewe. "Riziki, wa kike, ndiyo?" Hilo peke yake linaua makosa mengi. Kisha huntha kiwe jibu ambalo kishikwambi kinakuuliza mara ya pili ukilibonyeza, "una uhakika?", na liandikwe kwa jina lake, huntha, lisiandikwe "nyingine". Mafunzoni karani afundishwe sentensi moja ya kumwambia mama akinyamaza, na mjumbe afundishwe kuondoka. Sentensi yenyewe sijaipata. Ya kwangu ilikuwa "pole mama", na nilivyoona uso wake naamini haikuwa hiyo.

Na takwimu za huntha zisishuke mpaka ngazi ya mtaa. Mtaa ukiandikwa una huntha mmoja, mtaa mzima unajua ni mtoto wa nani.

Mwalimu wa Lugha

Sentensi jaribu hii: "Mama, huyu tumwandike vipi?" Kiswahili kimekupa "huyu", itumie.

Karani wa Zamani

Naichukua.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu Karani, huyo mtoto kwa hesabu yangu anakaribia kuanza shule. Sare ni sketi au kaptula, hakuna kusubiri tena. Nyumba unaikumbuka?

Karani wa Zamani

Naikumbuka mama. Kama hawajahama.

Mkunga Mstaafu

Nitumie ujumbe faragha. Jumamosi niko huru. Tupitie kwanza kwa yule mjumbe, tumkute mama baba akiwa kazini.